Naomba Kuazima

Kwa Mheshimiwa sana, Mtukufu Rais wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York, Marekani.

Kutoka kwa fundi cherehani, Katandala, Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa, Tanzania.

Shikamoo Mheshimiwa Rais.

Nakuamkia kabla sijajua umri wako, kwa sababu kiti chako hubadilisha mwenyewe kila mwezi kwa kufuata alfabeti ya Kiingereza, na huenda mwezi huu amekikalia mdogo wangu. Si neno. Naamkia kiti. Baraza lako lilikaa kwa mara ya kwanza Januari 1946, jijini London, na wakati huo mama yangu alikuwa mtoto anayefundishwa kushika jembe. Kiti ni mkubwa wangu, na kwetu mkubwa huamkiwa hata asipoitikia.

Hujambo, Mheshimiwa? Wa nyumbani hawajambo? Waheshimiwa wenzako 14 wanaoketi nawe kwenye meza ile iliyopinda kama kwato ya farasi, nao hawajambo? Sisi wa Katandala hatujambo, tunamshukuru Mungu. Upepo wa uwanda wetu wa Ufipa unavuma kama kawaida yake, mahindi yamo ghalani, ulezi tumeshaupepeta, wajukuu wamekwenda shule. Nimeona nikupe habari hizi kwanza, kwa kuwa si adabu mtu kumfikia mkubwa na shida mkononi kabla ya salamu.

Naomba pia radhi kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Najua lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni 6: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi, Kichina, Kihispania na Kiarabu. Hii yangu haimo. Lakini jambo ninalokuandikia hutokea kwa Kiswahili. Mwanamke wa Goma, wa Bukavu, wa Uvira, wa Baraka au wa Moba anapopiga mayowe usiku, mara nyingi hupiga kwa lugha hii. Anapomsihi mwenye bunduki, humsihi kwa lugha hii, na mwenye bunduki naye aghalabu humjibu kwa lugha hii hii. Basi nimeona maneno yakufikie jinsi yanavyotoka kinywani mwao. Wakalimani wako ni hodari, Mungu awazidishie.

Mimi ni mama wa kawaida, nashona sare za shule na magauni ya kitenge. Huku kwetu hakuna vita, na sitaki kujitwika msiba usio wangu. Bunduki nilizozisikia maishani ni za gwaride. Lakini Mheshimiwa, ukitoka kwenye uwanda wetu ukaelekea magharibi, barabara inateremka milima mpaka Ziwa Tanganyika: Kasanga, Kipili, Kirando, Kabwe. Ng'ambo ya maji hayo ni Kongo. Siku isiyo na ukungu, milima yao inaonekana kutoka ufukweni kwetu. Amani yetu na vita yao vinatazamana, maji tu katikati.

Hata meli yetu kongwe inaujua ujirani huu. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Götzen, wakaileta vipande vipande mpaka Kigoma, ikatumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa huku upande wetu. Kwa miaka mingi ilitia nanga Kasanga, mahali ambapo Wajerumani walipaita Bismarckburg. Kisha mwaka 1997 meli hiyo hiyo iliyoanza maisha yake vitani ikapewa kazi ya kuwarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Akina mama walishuka ng'ambo na mabunda yao kichwani, wakiamini mambo yamekwisha. Agosti 1998 vita ilianza upya. Chuma kilikubali kuacha tabia ya vita, Mheshimiwa. Wanadamu walichukua mwaka mmoja tu kurudia yao.

Naomba uniruhusu nikueleze kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Sitakuchosha.

Mwaka 1999 nilikuwa Kirando kwa shangazi yangu, nikijifunza ushonaji. Asubuhi moja boti la mbao liliingia likiwa limejaa watu kutoka ng'ambo. Walioshuka walibeba walichoweza: mmoja godoro, mmoja kuku wawili waliofungwa miguu, mtoto mmoja sufuria kubwa kuliko yeye. Akashuka mama mmoja mikono mitupu. Alipoona cherehani barazani kwa shangazi alikuja moja kwa moja, akasimama mbali kidogo, akasema, "Mama, naomba kuazima sindano na uzi."

Kitenge chake kilikuwa kimechanika, na mkono mmoja ulikuwa umekishikilia pale penye mpasuko. Fundi huijua nguo. Nguo iliyochakaa huachia kwenye mshono. Nguo iliyonasa kwenye mwiba huchanika pembe tatu. Kile kilikuwa kimechanwa kwa mikono, kuanzia kiunoni kwenda chini, mstari mmoja ulionyooka. Uzi niliokuwa nao ulikuwa mweupe na kitenge kilikuwa cha kijani, nikamwomba asubiri nitafute unaofanana. Akasema huo huo unatosha. Wanawake wawili wa Kirando walimzungushia khanga nyuma ya boti lililoegeshwa mchangani, akakaa akashona. Alishona mishono midogo midogo, kila mmoja akiurudia, kama mtu anayeshona kitu ambacho hataki kifunguke tena maisha yake yote.

Alipomaliza, uzi uliobaki aliuzungusha kwenye njiti ya kiberiti, akaichomeka sindano juu yake, akanirudishia kwa mikono miwili. Pamoja na sindano alinipa chumvi kidogo aliyoifungua kwenye pindo la kitambaa cha kichwani. Nikamwambia, "Mama, sindano tu hii, baki na chumvi yako." Akasema kitu cha watu hakirudishwi kitupu. Shangazi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, akamuuliza nani amemfanyia vile. Akajibu, "Nilisema hapana, mama. Hawakusikia."

Hayo tu. Baadaye yeye na wenzake walichukuliwa kupelekwa makambini, upande wa Kigoma. Sikumwona tena. Nimetembea na maneno yake kwa zaidi ya miaka 25, na ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu.

Usidhani nimekuja kulalamika, Mheshimiwa. Nimekuja kwanza kushukuru, kwa maana Baraza lako limefanya mengi.

Nashukuru kwa Azimio 1325. Lilipitishwa Oktoba 31, mwaka 2000, kwa kauli moja, kiti chako kikiwa kimekaliwa na Namibia, nchi ya Kiafrika iliyojua vita kwa mwili wake. Azimio hilo lilisema wanawake wasiwe watu wa kuzikwa na kuhurumiwa tu, bali wakae pale amani inapozungumzwa. Likazitaka pande zote zenye silaha zichukue hatua maalumu za kuwalinda wanawake na wasichana dhidi ya ubakaji. Mwalimu mstaafu, jirani yangu hapa Katandala, ndiye aliyenisomea na kunifasiria. Alipofika hapo nikamuuliza, "Na pande hizo zisipochukua hizo hatua?" Mwalimu akafunua ukurasa wa mbele, akarudi wa nyuma, akavua miwani, akaifuta.

Nashukuru kwa Azimio 1820 la Juni 2008, lililotamka kuwa ubakaji unaweza kuwa uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu, au sehemu ya mauaji ya kimbari. Nashukuru na kwa yaliyofuata, moja baada ya jingine, mpaka mwaka 2019 yalipotimia maazimio 10 juu ya wanawake, amani na usalama. Mheshimiwa, kwetu mama akijaliwa watoto 10 hupelekewa unga na kuni na kupewa hongera, nami nakupa hongera kwa moyo mmoja. Ila mama mwenye watoto 10 naye hutarajia kuwa siku akiugua, angalau mmoja wao atamchotea maji. Nimewahesabu wako wote kwa majina yao ya tarakimu, nikajiuliza ni yupi aliyewahi kuonekana ufukweni siku boti kama lile likiondoka ng'ambo.

Nashukuru sana kwa mahakama. Novemba 1994 Baraza lako liliunda Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda, ikawekwa Arusha, nchini kwetu. Hapo, Septemba 2, 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Taba, alitiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikasema kuwa ubakaji unaotumika kuliangamiza kundi la watu ni mauaji ya kimbari. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na neno hilo. Ni wanawake wa Taba waliosimama mbele ya majaji 3, mmoja wao mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, wakalitaja wenyewe, mpaka hati ikarekebishwa mwaka 1997. Kila nikisikia watu wakisema sheria ililetwa na wasomi, nawakumbuka wanawake wale. Sheria hiyo waliileta wao, na gharama yake ilikuwa kusimulia mbele ya wageni jambo ambalo hawakuwa wamelisimulia hata kwa mama zao.

Ng'ambo yetu nako, Februari 2011, mahakama ya kijeshi inayotembea ilifika mpaka Baraka, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware wa jeshi la taifa miaka 20 kwa yale waliyofanyiwa wanawake wa Fizi siku ya mwaka mpya. Na Novemba 2019 mahakama ya The Hague ilimpa Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Kongo, miaka 30, ubakaji na utumwa wa ngono vikiwa miongoni mwa makosa yake. Hizo ni kazi za haki na zinastahili heshima. Ninachokuomba unisamehe ni macho yangu ya fundi, yanayoona kuwa mahakama zote hizo huja na sindano baada ya kitenge kuchanika. Hakuna iliyowahi kufika mkono ukiwa bado haujashika pindo.

Nashukuru kwa madaktari, ingawa hao si wako. Dokta Denis Mukwege alifungua hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, mwaka ule ule wa sindano yangu, baada ya ile ya Lemera aliyokuwa akiifanyia kazi kushambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wake kuuawa vitandani. Alitaka mahali pa kuwasaidia akina mama kujifungua salama. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuja akiwa amebakwa na kupigwa risasi. Mwaka 2018 daktari huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na nguo za dunia nzima zilishonwa kwa ajili ya sherehe. Panzi ikaendelea kupokea.

Nashukuru kwa walinda amani. Hapo nashukuru kwa uchungu, maana baadhi yao walikuwa wetu. Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini ilishambuliwa, na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Majeneza yalirudi na bendera juu yake. Wake zao na mama zao ni wanawake walioonja vita ya Kongo bila kuvuka ziwa, na sijasikia wakitajwa katika azimio lolote kati ya yale 10. Najua pia, na wewe unajua kuliko mimi, kuwa wapo waliovaa kofia hizo hizo za bluu wakaacha mimba na machozi kwa wasichana ambao wao walitumwa kuwalinda, mpaka Machi 2016 Baraza lako likalazimika kutoa Azimio 2272 juu ya aibu hiyo. Kisha Juni 2024, kwa matakwa ya serikali ya Kongo, kofia za bluu ziliondoka Kivu Kusini. Februari iliyofuata Bukavu ikatekwa. Sisemi hili lilileta lile. Nasema mwanamke wa Bukavu hakuulizwa wakati wanakuja, hakuulizwa wakati wanaondoka.

Nashukuru, Mheshimiwa, hata kwa maneno. Najua mnavyochagua maneno kwa uangalifu: kueleza wasiwasi, kueleza wasiwasi mkubwa, kulaani, kulaani vikali. Fundi anaelewa tofauti ya nusu inchi, hivyo naheshimu kazi hiyo. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, gereza la Munzenze lilivunjwa na kuchomwa moto. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wenu ilieleza kuwa wanawake wasiopungua 165 waliokuwa wamefungwa humo walibakwa na wafungwa wanaume wakati wa kutoroka, na wengi wao wakafia ndani ya moto. Februari 21 Baraza lako lilipitisha kwa kauli moja Azimio 2773, likiwataka waasi wa M23 waondoke Goma na Bukavu mara moja, na jeshi la Rwanda liache kuwaunga mkono. Huku kwetu "mara moja" ni muda wa kuchemsha maji ya chai. Tuliinjika maji. Mwaka ukaisha M23 wakiwa bado wamo mjini.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifungua macho, na hapa naomba unisikilize kwa subira zaidi kuliko kote.

Aprili 23, 2019, mlikaa kupitisha Azimio 2467, la tisa katika ule uzao wenu. Ujerumani ilikuwa imeandika rasimu, na kiti kilikuwa chake mwezi huo. Dokta Mukwege alikuwepo ukumbini, na Nadia Murad pia, binti wa Kiyazidi kutoka Iraki aliyeuzwa kama mtumwa, wakaeleza. Katika rasimu mlikuwa na maneno machache kuhusu huduma ya afya ya uzazi kwa waliobakwa vitani. Marekani ikasema ikiwa maneno hayo yatabaki, itapiga kura ya turufu. Maneno yakafutwa. Azimio likapita kwa kura 13, Urusi na China zikijizuia kupiga kura.

Mwalimu aliponieleza hayo nilisimamisha cherehani. Kumbe duniani kuna Hapana ya namna hiyo. Nchi 14 zinaweza kunyanyua mkono kukubali, na mmoja wa wale 5, Marekani, Urusi, China, Uingereza au Ufaransa, akisema hapana, jambo limekufa hapo hapo. Hata kuitaja tu Hapana hiyo, bila kuitumia, kunatosha kufuta maneno yaliyokwisha kuandikwa. Na anayeitamka hakuna anayemuuliza alikuwa amevaa nini. Hakuna anayemuuliza alikuwa anatoka wapi saa hizo, kwa nini hakukimbia, kwa nini hakupiga kelele, kwa nini amekaa kimya siku tatu ndipo aseme. Hakuna anayemwambia alete shahidi. Hakuna anayemwambia labda alisema hapana lakini moyoni alitaka. Amesema hapana, imekuwa hapana, na Waheshimiwa wote wanakusanya makaratasi yao.

Yule mama wa Kirando alilisema neno hilo hilo. Silabi tatu zile zile. Lake halikuzuia mkono mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa anachokosa mwanamke wa vitani si sheria. Sheria anazo 10 za kwenu, na tunayo pia Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Afrika yenyewe iliiandika, na kifungu chake cha 11 kinawataja wanawake walio katika mapigano na wakimbizi. Nguo anazo nyingi zilizokatwa vizuri. Anachokosa ni uzito wa neno lake.

Usiingiwe na hofu, Mheshimiwa. Nakiri kuwa Ufipa tuna historia. Wazee wetu husimulia kuwa zamani mtawala wa Milanzi alikwenda kuwinda, na nyuma yake wakafika wanawake wageni kutoka mbali, mmoja wao akaketi kwenye kigoda chake. Aliporudi alikuta utawala umepata wenyewe wengine, ukoo wa Twaci, na yeye akabaki na Milanzi yake na heshima yake. Lakini sisi hatuji kukalia kiti chako. Kiti baki nacho. Ukienda kula chakula cha mchana utakikuta.

Ombi langu ni dogo kuliko hilo, na nalitoa nikiwa nimepiga magoti. Naomba kuazima kura moja ya turufu. Kwa usiku mmoja.

Kama mwezi huu kiti kimekaliwa na mmoja wa wale 5, kazi ni nyepesi, fungua tu kabati. Kama si wao, basi nakuomba unisemee kwao, nawe ni mwenyekiti wao. Sisemi watupe. Katandala tunaazimana: ungo, kinu, pasi ya mkaa, ngazi, hata kaa la moto la kuwashia jiko. Hakuna nyumba iliyokufa kwa kuazimisha. Na wao wanazo za kutosha, zimekaa hapo tangu mwaka 1946, na siku nyingi hawazitumii.

Nimeshakata kitambaa cha kuifungia, pamba safi, ukingo nimeupinda mara mbili usifumuke. Itapanda basi kutoka Sumbawanga hadi Kirando, na nitaipakata mwenyewe, haitawekwa kwenye buti. Kirando itaingia kwenye boti. Ng'ambo itakabidhiwa kwa mwanamke wa kwanza ambaye jioni hiyo hajui atalala wapi. Na usiku mwenye bunduki akisukuma mlango, kama mlango upo, au akifunua turubai, atasema neno lile lile la siku zote. Hapana. Lakini safari hii litakuwa na uzito wa New York. Mkono uliokwisha kunyooshwa utashuka, kama inavyoshuka mikono ya Waheshimiwa 14. Mwenye bunduki atakusanya vitu vyake na kuondoka, na yule mama atalala mpaka asubuhi.

Masharti nayakubali kabla hujayataja. Hatutaitumia kuzuia azimio la mtu. Hatutaigusia mipaka ya nchi, wala mafuta, wala madini ya Kivu ambayo najua yanawashughulisha wengi. Itatumika kwenye mlango mmoja, juu ya mwili mmoja, na mwenye mwili ndiye atakayeishika.

Ila nisikufiche, maana kuazima kwa kuficha ni wizi. Asubuhi tutairudisha, na jioni atakuja mwingine kuiazima. Kesho yake mwingine, kutoka Fizi, kutoka Ituri, na wakisikia jirani wa mbali, hata kutoka Sudan. Watabisha hodi kila siku mpaka wale 5 wachoke kuinuka. Na kwetu mtu akichoka kuazimwa kitu kile kile kila jioni, majirani humwambia dawa yake: hao wenye shida nao wapate cha kwao. Wapewe kwa kuwaweka mezani siku ya kupanga amani na si siku ya picha, kwa kumvua cheo na silaha kamanda ambaye watu wake wamebaka kabla hajaitwa kwenye mazungumzo na kupewa cheo kikubwa zaidi, kwa kuwalipia matibabu bila kufuta neno. Hapo hamtabishiwa hodi tena.

Najua una kazi nyingi. Najua huenda barua hii itafunguliwa na kijana wa masjala atakayeigonga muhuri na kuiweka na nyingine, na itakapofika juu, mwezi utakuwa umekwisha na kiti kimehamia kwa mwingine. Si kosa lako. Nakuomba tu umkabidhi yule ajaye kama tunavyokabidhiana kinu cha ukoo: mwambie kuna mama wa Katandala anasubiri jibu, na kwamba yupo kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Kuhusu kurudishwa usiwe na wasiwasi. Hatutairudisha tupu. Tutaiweka ndani ya ungo wenye unga wa ulezi wa Ufipa, uliosagwa laini, unaowatosha Waheshimiwa wote 15. Na kama unataka mdhamini, ninaye. Mwaka 1999 mwanamke mmoja wa ng'ambo aliyekuwa amenyang'anywa kila kitu aliazima sindano kwetu. Ninayo hapa kwenye cherehani ninapoandika. Aliirudisha.

Wako mtiifu, mwenye heshima zote,

Fundi cherehani, Katandala.